Motokari ya mazuti inapokula mafuta ya moteri



Tangu tulipoandika juu ya daftari la likelemba, ulizo moja limerudi kwetu mara tatu, kutoka vikundi vitatu tofauti. Vikundi hivyo havikuishia kwenye kupeana pesa kwa zamu. Viliweka pesa pamoja, vikanunua minibisi ya mazuti iliyokwisha kutumika ng'ambo, vikampa shofere, na kila jioni shofere analeta pesa ya siku. Ulizo ni hili: kwa nini shofere anaomba mafuta ya moteri kila Siku ya Posho, na vidanji ilikwisha kufanywa mwezi huu? Motokari ndiyo inakula mafuta, ao shofere ndiye anakula pesa?

Sisi ni walimu, hatuna garaji. Lakini ulizo hili lina hesabu ndani yake, na hesabu ni kazi yetu. Yale ya moteri tumeyasoma katika vitabu vya watengenezaji na tumeyauliza kwa mafundi ambao mikono yao ni meusi kila siku.

Tuanze na jambo ambalo wamama wengi hawakuambiwa siku ya kununua: kila moteri inakula mafuta kidogo, hata ile mpya kabisa. Ndani ya moteri, pistoni inapanda na kushuka katika silinda, na ukuta wa silinda unapakwa mafuta membamba ili chuma kisikwaruze chuma. Pistoni ina pete, zile mafundi wanaita segima, na kazi moja ya pete hizo ni kufuta mafuta yale yarudi chini. Hazifuti yote. Kinachobaki kinaungua pamoja na mazuti na kutoka kwa moshi. Vitabu vya watengenezaji wengi vinakubali hadi nusu lita kwa kilometa 1,000, na vingine vinakubali hadi lita nzima. Kwa hiyo shofere akisema «inakula», neno lake si uongo kwanza. Tunapaswa kuuliza inakula ngapi, kwa kilometa ngapi.

Kikundi kimoja karibu kivunjike kwa sababu hakuna aliyeuliza hivyo. Minibisi yao inafanya njia ya Likasi na Lubumbashi, kwenda na kurudi mara moja kwa siku, siku sita kwa juma. Kila Siku ya Posho shofere alikuwa anaomba pesa ya lita moja. Mama mwenye kushika sanduku alikataa, mama rais akamtetea shofere kwa sababu ni mtoto wa dada yake, na kutoka hapo maneno hayakuwa tena ya mafuta. Walituletea daftari. Kwenda Lubumbashi ni karibu kilometa 120, kwenda na kurudi 240, mara sita ni 1,440. Lita moja kugawanya kwa 1,440 ni karibu 0.7 kwa kilometa 1,000. Ni nyingi kidogo, lakini haijapita kipimo cha vile vitabu vinavyokubali hadi lita nzima. Shofere hakuwa mwizi.

Tuliwaomba waendelee kuandika kwa juma nne, na mama mmoja awe anasimama pale wakati mafuta yanapoongezwa. Juma la kwanza lita moja. La pili lita moja. La tatu lita moja na nusu. La ine lita mbili. Hapo mambo yalibadilika, kwa maana lita mbili kwa kilometa 1,440 ni karibu 1.4 kwa kilometa 1,000, na zaidi ya ukubwa wa namba, namba ilikuwa inapanda. Moteri inayokula nusu lita mwaka mzima bila kubadilika ni moteri yenye desturi yake. Ile inayozidisha mara mbili kwa mwezi mmoja ina ugonjwa.

Fundi wa kwanza alisikiliza dakika tano na kusema moteri yote ifunguliwe, pete zibadilishwe, na kama pesa haitoshi, wauze motokari vile ilivyo. Wamama walilia. Mwingine, mzee, aliomba karatoni tu. Aliitandika chini ya moteri usiku mzima. Asubuhi kulikuwa tone kubwa upande wa turbo. Bomba dogo linalorudisha mafuta kutoka turbo lilikuwa limelegea, na joi yake imekauka. Alibadilisha joi, akafunga bomba, akaosha moteri ili kuona kama tone litarudi. Juma lililofuata waliongeza nusu lita. Tunalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu pesa ya kufungua moteri ingekuwa karo ya watoto wa wamama kumi na wawili, na karatoni ile ilitoka kwenye sanduku la sabuni.

Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kufungua moteri, mtafute kama mafuta yanavuja nje. Kisha muulize fundi kama bomba la kupumulia la moteri limeziba. Moteri inahitaji kupumua. Bomba hilo likiziba, hewa ya ndani inasukuma mafuta kupita mahali popote dhaifu, na kila kitu kinaonekana kimekufa wakati kinachohitajiwa ni kusafisha bomba.

Sasa kupima. Kupima kunafanywa na fimbo ile inayoitwa joji, na mama yeyote anaweza. Motokari isimame mahali pa sawa, si juu ya kilima. Moteri izimwe, mngojee dakika tano hadi kumi mafuta yashuke chini. Mchomoe joji, mwipanguze na kitambaa kisichotoa nyuzi, mwirudishe mpaka mwisho, mwichomoe tena, na hapo ndipo msome. Kuna alama mbili, ya chini na ya juu. Katika motokari nyingi, kati ya alama hizo mbili kuna karibu lita moja. Mpime asubuhi mbele ya safari ya kwanza, siku ile ile ya juma, mahali pale pale. Mwandike tarehe, kilometa za tablo na kiasi mlichoongeza. Mistari mitatu inatosha. Msijaze kupita alama ya juu kwa kufikiri kwamba mengi ni mazuri. Mafuta yakizidi yanapigwa na moteri mpaka yatoke povu, na povu halipaki chuma vizuri.

Rangi inadanganya. Wamama wengi wanaona mafuta meusi siku tatu baada ya vidanji na wanasema fundi aliiba, hakubadilisha. Katika moteri ya mazuti mafuta yanakuwa meusi upesi kwa sababu yanabeba masizi, na kubeba masizi ni kazi yake. Mafuta yanayobaki safi sana kwa muda mrefu katika moteri ya mazuti ndiyo yangetushangaza. Lakini kama yanafanana na kahawa ya maziwa, maji yameingia ndani. Motokari hiyo isiwashwe, ivutwe mpaka garaji.

Kuna jambo lingine ambalo linashangaza watu: mafuta yanayopanda. Joji ilionyesha katikati, na baada ya majuma mawili inaonyesha juu, na hakuna aliyeongeza. Wengine wanamshukuru Mungu. Wasishukuru. Hayo ni mazuti yaliyoshuka na kuchanganyika na mafuta ya moteri, na mkinusa joji mtasikia harufu yake. Mafuta yaliyochanganyika na mazuti ni mepesi kama maji ya mchele, hayalindi chuma. Mara nyingi inatoka kwa injekta inayovuja, ao kwa kichujio cha masizi.

Kichujio hicho kinahitaji maneno machache, kwa maana hakikuwa katika motokari za wababa zetu. Tangu mwaka 2000, Peugeot ilipokiweka katika motokari yake ya 607, na zaidi baada ya 2009 wakati sheria ya Ulaya ilipozidi ukali, motokari za mazuti zimewekwa chombo katika bomba la moshi kinachokamata masizi. Kikijaa, moteri inatia mazuti zaidi ili kuchoma masizi hayo kwa joto la karibu digri 600. Kazi hiyo inahitaji mwendo mrefu bila kusimama. Motokari inayofanya sokoni na nyumbani tu, sokoni na nyumbani, inaanza kuchoma na kuzimwa katikati, kuanza na kuzimwa, na mazuti yasiyoungua yanateremka ndani ya mafuta. Mara moja kwa juma mwache ikimbie nusu saa kwenye barabara kubwa. Na wakati wa kiangazi msiisimamishe juu ya majani makavu mara tu baada ya safari. Bomba lenye joto lile linaweza kuwasha shamba. Motokari nyingi zinazofika kwetu zimeondolewa kichujio hicho njiani. Mnunuzi aulize mbele ya kulipa.

Moteri za mazuti za zamani zilikuwa na subira. Wamama wenye mashini ya kusaga mahindi wanajua: mashini ile inameza mazuti machafu na inapiga kelele mwaka mzima. Rudolf Diesel mwenyewe, Mjerumani aliyepata hati ya uvumbuzi wake katika miaka ya 1892 na 1893 na kuonyesha moteri inayofanya kazi vizuri mwaka 1897, alitaka moteri ambayo haina haja ya cheche: hewa inabanwa mpaka inakuwa moto kabisa, mazuti yanarushwa ndani na kuungua yenyewe. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 moteri moja ya namna hiyo ilitembezwa kwa mafuta ya kalanga. Kalanga! Msijaribu na motokari za leo. Tangu mwaka 1997 motokari ndogo za mazuti zilianza kutumia mtambo unaosukuma mazuti kwa nguvu ya zaidi ya bar 1,300, na leo nyingi zinapita 2,000, wakati mupira wa motokari unajazwa kwa bar mbili ao tatu tu. Tundu za injekta ni nyembamba sana. Tone la maji ao mchanga kidogo katika mazuti yaliyonunuliwa kwa bidoni kando ya barabara linaharibu kitu ambacho bei yake inaweza kuwa ya miezi mingi ya likelemba.

Turbo nayo ni hivyo. Ni gurudumu dogo linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na muhimili wake hauguswi na chuma. Unaelea juu ya mafuta ya moteri. Mafuta yakipungua sana, turbo ni kati ya vitu vinavyokufa kwanza. Mwambieni shofere: akitoka safari ndefu ao akipanda mlima na mzigo, asizime moteri papo hapo. Aiache itembee polepole dakika moja ao mbili, turbo ipoe na mafuta yake. Mashofere wengi wanajua. Wanasahau kwa sababu abiria wanagombana juu ya mizigo.

Turbo ikiharibika vibaya inaweza kuingiza mafuta ya moteri ndani ya silinda. Hapo moteri inakunywa mafuta yake yenyewe kama mazuti, inapanda mwendo bila kuguswa, na kuzima kwa ufunguo hakusaidii kitu. Ni jambo la nadra, lakini tunaliandika kwa ajili ya watoto wanaokaa nyuma. Kwa motokari yenye gia za mkono, shofere anakanyaga breki kwa nguvu, anatia gia ya juu kabisa na kuachilia amberayaji ili moteri ikabwe. Watu wote washuke na kwenda mbali. Hakuna anayefungua kapo kutazama.

Moshi pia unasema. Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua: pete za pistoni, ao turbo. Moshi mweusi mara nyingi ni mazuti mengi na hewa kidogo, na mahali pa kwanza pa kutazama ni filtiri ya hewa. Mweupe unaoendelea hata moteri ikiwa moto ni maji ya radiateri ao mazuti yasiyoungua.

Na filtiri ya hewa ndiyo adui na rafiki wetu hapa Katanga. Kutoka mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, barabara ya udongo inatoa vumbi jekundu ambalo mnalijua kwa kufua nguo. Vumbi hilo lina mchanga mwembamba. Likipita filtiri iliyotoboka, linafanya kazi ya msasa katika silinda: linakula ukuta, linakula pete, na baada ya hapo moteri inakula mafuta, na hakuna joi itakayoiponya. Tumeona filtiri za karatasi zikioshwa kwa esansi na kuanikwa kama sombe. Karatasi iliyooshwa hivyo inafunguka. Ipulizwe kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, polepole, na ikichakaa inunuliwe nyingine. Bei ya filtiri ya hewa ni ndogo sana kuliko ya kufungua moteri.

Ni lini kufanya vidanji? Vitabu vya Ulaya vinaandika kilometa 15,000, vingine 30,000. Hesabu hizo ni za barabara za lami na mazuti safi. Katika nchi za Ulaya mazuti hayaruhusiwi kupita sehemu 10 za salfa kwa milioni tangu 2009. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilishusha mpaka 50 mwaka 2015. Salfa ikiwa nyingi inageuka asidi ndani ya mafuta na kuyachosha upesi. Watengenezaji wenyewe wanaandika, katika ukurasa ambao hausomwi, kwamba kwa vumbi, mizigo mizito na safari fupi mtu apunguze muda huo kwa nusu. Toyota nyingi za mazuti zina 10,000 kwa kawaida na 5,000 kwa kazi ngumu. Kazi yetu ni ngumu. Minibisi ya Lubumbashi inafika kilometa 5,000 kwa juma tatu na nusu. Ile inayofanya Shinkolobwe na Likasi, karibu kilometa 40 kwenda na kurudi, mara ine kwa siku, inafika kwa juma tano hivi. Muweke pesa ya vidanji pembeni kila jioni, kama mnavyoweka ya mazuti, pamoja na ya filtiri ya mafuta, kwa maana kubadilisha mafuta na kuacha filtiri ya zamani ni kuvalisha mtoto shati safi juu ya mwili mchafu.

Katika kununua, msome bidoni. Namba kama 15W-40 ao 5W-30 inasema unene tu. Herufi zinazofuata zinasema kama mafuta ni ya mazuti kweli. Motokari iliyobaki na kichujio cha masizi inataka aina ya ACEA C, ambayo inaacha majivu kidogo. Fuateni kitabu cha motokari, si ushauri wa muuzaji anayetaka kumaliza mali yake. Kifuniko kiwe na pete yake isiyokatwa.

Kuna sehemu moja inayotuhusu sisi wamama zaidi ya motokari. Mafuta yaliyotoka katika vidanji ni mengi, lita 6 hadi 8 katika minibisi moja, na yana masizi, vyuma na sumu nyingine ndani yake. Tunaona yakimwagwa karibu na kisima, tunaona watoto wakipakwa kwenye vidonda, tunaona yakipakwa mlango ili mchwa wasile na mtoto mdogo akilamba vidole. Mwezi wa sita mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliweka moshi wa mazuti katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Kwa hiyo moteri isiachwe ikitembea mbele ya mlango wa darasa ao mahali wamama wanapokaa na watoto mgongoni. Sisi wa Shinkolobwe hatuna haja ya kufundishwa kwamba kitu kinaweza kudhuru bila kuonekana. Mgodi wetu ulitoa uranyamu ya bomu la Hiroshima mwaka 1945, na ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004.

Mafuta machafu yawekwe katika bidoni yenye alama ya msalaba na kurudishwa kwa fundi anayeyakusanya. Bidoni iliyokuwa na mafuta ya moteri, mpya ao machafu, isiwekwe maji ya kunywa wala mafuta ya ngazi hata ikioshwa na majivu mara kumi, kwa maana plastiki inayameza na kuyaachilia polepole. Itoboeni kwa msumari mbele ya kutoka garaji. Msumari huo unazuia pia mtu asiyaokote na kuyajaza mafuta yaliyotumika ili kuyauza kama mapya kwa kikundi kingine.

Mama aliyetuandikia kutoka Panda juu ya betri inayokufa kila asubuhi, barua yako tumeipata. Tutaijibu juma lijalo. Kwa sasa utuambie tu taa ipi inabaki kuwaka usiku, na betri ilinunuliwa lini.